Kazi ya Dirishani

Shibuda aliyagonga mabati kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine, kichwa kakiinamisha upande kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Haya ya chini yameanza kutu, mzee."

"Kutu gani? Hilo ni vumbi," Anatory akajibu. "Mabati haya hayajawahi kuona mvua."

"Ndiyo maana. Bati lisiloona mvua linazeeka kwa huzuni."

Vijana aliokuja nao wakacheka. Anatory hakucheka. Nyuma yake ilisimama nyumba ya matofali ya kuchoma isiyo na paa, kuta zimenyooka, madirisha matundu matupu, na katikati ya sebule mpapai ulikuwa umejiotea na kumpita mtu kimo. Kuta hizo alizipandisha miaka ya wakimbizi wa Rwanda, alipokuwa mlinzi wa ghala la mahindi kule kambini Benaco. Kila mwisho wa mwezi alinunua mabati, akayalaza chini ya turubai nyuma ya jiko, akingoja yatimie. Kisha Wanyarwanda wakarudishwa kwao, kambi zikabaki viwanja vya majivu, na walinzi wakashukuriwa kwa barua fupi. Tangu hapo mabati yalikuwa yakiondoka. Kila muhula binti yake mdogo, Melania, aliporudi shule ya bweni, rundo lilishuka.

Shibuda akataja bei. Anatory akataja nyingine. Shibuda akavaa kofia yake taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana safari, na Anatory akaikubali ile ya kwanza.

"Shikamoo, mama," Shibuda akamsalimu mwanamke aliyesimama mlangoni pa jiko.

"Marahaba," Clotilda akaitikia, akarudi ndani. Mbele ya wageni hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote.

Binti mkubwa, Jovitha, akatoka akiwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ya mkaa, bahasha ya kaki kwapani. Ilimbidi apite katikati ya mabati ya baba yake yaliyokuwa yakifungwa kamba.

"Binti, leo wapi tena?" Shibuda akauliza.

"Shikamoo. Naenda Ngara mjini. Kuna usaili."

"Tena? Ungekuwa unalipwa kwa kusailiwa tu, mzee angekuwa ananiuzia ng'ombe, si mabati."

Safari hii hata Anatory alitabasamu kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Jovitha njia nzima.

*

Katika miaka hiyo ya wakimbizi, Ngara mjini palikuwa na mbao nyingi za matangazo kuliko maduka. Kila shirika lilikuwa na ubao wake getini, na mbele ya kila ubao walisimama vijana wa wilaya nzima na vyeti vyao ndani ya mifuko ya nailoni. Wanyarwanda walikuwa wameondoka, lakini Warundi walikuwa bado wamejaa kambi ya Lukole, kwa hiyo kazi zilikuwepo, ila zilikuwa chache na watu walikuwa walewale. Jovitha aliomba zote. Aliomba ukarani na upishi, akaomba kugawa mafuta ya kula, akaomba hata kazi ya fundi redio za mawasiliano ambayo hakuijua kabisa. Barua ilikuwa moja. Aliipigisha chapa mara moja kwa dada wa mashine pale stendi, akaitoa nakala, na juu ya kila nakala aliandika jina la kazi kwa kalamu.

Aliitwa kwenye usaili zaidi ya wengi. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kizuri na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Kila aliposhindwa alirudi nyumbani kukinoa zaidi. Alisikiliza redio, alikariri sentensi za heshima, alijifunza kusema mimi ni mchapakazi kwa namna nne tofauti. Akarudi, akashindwa tena.

Wiki moja baada ya siku ile ya mabati, jina lake halikuwepo kwenye ubao wa shirika lililomsaili. Alilitafuta kuanzia juu, kisha kuanzia chini, kama vile karatasi ingebadilika kwa kusomwa upande mwingine.

"Usiisome sana, utaichosha," mtu akasema nyuma yake.

Alikuwa Leonidas, binamu yake, mtoto wa shangazi, dereva wa shirika lilelile. Alikuwa anafuta kioo cha gari kwa gazeti.

"Nicheke tu, binamu. Wote mnanicheka."

"Sikucheki. Nakuuliza. Hao waliokukataa, umewahi kuwauliza kwa nini?"

"Mtu anaulizaje hivyo? Nimwambie bosi wa watu, mbona umenikataa?"

"Ndiyo. Kwa adabu. Wewe, Jovi, huombi kazi. Unamwaga barua. Upishi umeomba, redio umeomba, kesho utaomba udereva uninyang'anye mkate. Mkulima gani anayepanda mbegu zote shimo moja kisha anashangaa? Chagua kazi moja unayoiweza, uijue mpaka mfupa. Na uliyekosa kwake, muulize ulikosa nini. Celestini yuko ndani, hajaanza kula. Akianza kula usimguse."

Celestini ndiye aliyekuwa anaajiri. Alikuwa mtu wa mbali, mwembamba, mwenye desturi ya kufunga kifuniko cha kalamu kila alipomaliza kuandika hata neno moja. Alimtazama Jovitha kwa mshangao, kwa sababu waliokosa huwa wanalia getini au wanaleta kuku. Hawaingii ndani kuuliza.

"Shikamoo, mzee. Sikuja kulalamika. Nataka kujua nilipungukiwa wapi, ili nisirudie."

Celestini akafikiri. "Kiingereza chako ni kizuri."

"Asante, mzee."

"Sijakusifu. Kiingereza tunacho cha kumwaga. Unajua ile kazi ilikuwa ya wapi? Ni dirisha la kuandikisha wagonjwa, zahanati ya Lukole. Anayekuja pale ni mama kutoka Burundi, mtoto anachemka homa mgongoni, Kiswahili hajui. Nilikuuliza unajua lugha gani. Ukanijibu nini?"

Jovitha akatazama sakafu. "Kiswahili na Kiingereza."

"Umetoka Ntobeye, ukanijibu kama mtu wa Tanga. Kihangaza chenu je, si ndugu wa Kirundi?"

"Kidogo."

"Basi kidogo hicho ndicho kilichokukosesha." Akafunga kalamu. "Mwezi ujao tunafungua dirisha la pili. Kama lugha unayo, njoo nayo. Kama huna, usipoteze nauli."

*

Usiku ule, kwenye chakula cha kila siku cha maharage na ndizi, Jovitha aliweka bakuli chini kabla hajala.

"Mama, ulitufunga midomo."

Nyumbani kwao walizungumza mchanganyiko: baba Kihangaza cha Ntobeye, mama Kirundi cha ng'ambo ya mto Ruvubu alikotoka kuolewa, na watoto kati ya hapo. Mtu wa mbali asingetofautisha. Na hilo ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu askari wa vizuizini walikuwa watu wa mbali. Mwaka uliotangulia walipita vijijini kuwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Walichukua waliokuja juzi na walioishi miongo. Walimchukua Nduwayo, seremala, aliyewatengenezea nusu ya Ntobeye vitanda na kuoa humohumo kijijini. Mkewe Eustakia alibaki, yeye akapelekwa Lukole akapewa turubai na kadi ya mgao. Clotilda alishinda siku hizo ndani ya migomba. Alipotoka aliweka sheria moja ya nyumba: njiani, sokoni na ofisini ni Kiswahili tu, na atakayeulizwa lugha nyingine aseme haijui. Yeye mwenyewe, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kidogo na lafudhi yake nzito, alichagua kunyamaza.

"Niliwafunga midomo mkabaki na mama," Clotilda akasema sasa. "Ungependa iwe vinginevyo?"

"Nimekataliwa kazi mwaka mzima kwa kuficha kitu wanachokitafuta! Wanakitafuta, mama! Hicho hicho!"

"Na ukikionyesha, watakuuliza umekitoa wapi."

"Nitasema ni Kihangaza."

"Kwa hao wa ofisini, sawa. Lakini lugha yako si ya baba yako. Ulinyonya yangu. Mtu wa kwetu akikusikia sentensi mbili tu, atajua titi ulilonyonya liko upande gani wa mto."

Anatory alikuwa ametafuna ndizi ileile muda mrefu. "Nilisema tuuze mabati mpaka yaishe, kisha tuone," akasema. "Kazi hii iacheni."

"Na yakiisha, baba? Melania arudi nyumbani tukae wote chini ya mpapai?"

"We! Usinijibu hivyo."

"Samahani, baba."

Clotilda alikusanya mabakuli, na Jovitha hakujua kama ameshinda au amemuumiza mama yake bure.

*

Alikwenda Lukole bila kuitwa. Leonidas alimshusha nje ya zahanati, naye akakaa penye uzio wa miti, kati ya wanawake wenye watoto, akilitazama dirisha asubuhi nzima.

Nyuma ya dirisha alikaa kijana aliyeajiriwa wiki ile, ambaye Kihangaza alichojivunia kwenye usaili kilikuwa cha salamu tu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na kila alipokuwa haeleweki alipandisha sauti, kama kwamba Warundi wote walikuwa viziwi. "Una watoto wangapi? Watoto! Wan-ga-pi?" Mtu wa kumtafsiria alikuwa ameitwa wodini. Wanawake walifika dirishani, wakaulizwa, wakatazama pembeni. Mmoja alisimama pale, akaulizwa swali hilo mara nyingi, mwisho akamfunga mtoto wake mgongoni na kuondoka na homa yake bila kuandikwa.

Jovitha alirudi nyumbani akamsimulia mama yake, aliyekuwa anachambua mchicha. Hakuwa anaomba kitu. Alisimulia tu kwa sababu picha ya yule mama haikumtoka.

"Alimuuliza watoto wangapi?" Clotilda akauliza.

"Ndivyo karatasi inavyotaka."

"Hivyo, wazi, mbele ya watu?" Clotilda akaacha mchicha. "Kwetu hakuna mwanamke atakayejibu hilo. Watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiwahesabu unakiita kifo kije kuwachukua. Na hawa waliokimbia, Jovi, waliokufa njiani atawatia wapi? Akiwataja, hawapo. Akiwaacha, amewatupa. Ndiyo maana aliondoka."

"Sasa mtu angeulizaje?"

Anatory, aliyekuwa akinoa panga ukutani, aliacha kunoa.

Kisha mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alichukua kanga, akaikunjakunja ikawa kama mtoto, akaifunga mgongoni. Akatoka nje, akazunguka, akaja akasimama nje ya dirisha la jiko, uso umekunjamana kama mgonjwa.

"Haya," akasema kwa Kirundi chake. "Nimetembea tangu jogoo. Niulize."

"Jina lako nani?"

"Umeshakosea. Hujanisalimu. Mimi si gunia."

Walifanya hivyo jioni zote zilizobaki kabla ya usaili. Clotilda alikuwa mama wa homa, akawa bibi wa kikohozi, akawa msichana anayeona aibu kusema ana mimba, na msichana huyo alimfundisha Jovitha kwamba neno hilo halisemwi, husemwa tu kuwa hayuko peke yake. Alikuwa mkali kuliko msaili yeyote. Wakati mwingine alisahau anacheza, akaongea mambo ya kilima alichozaliwa, ya baba yake mfua vyuma ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, ya mdogo wake aliyekuwa akimbeba kwenda kisimani. Anatory naye alisogeza kigoda, akajifanya mlinzi wa zahanati, akapanga foleni ya kuku.

"Rudi nyuma, mama mwenye manyoya! Kila mtu kwa zamu!"

Usiku wa mwisho Clotilda alimshika binti yake kiwiko.

"Wakikuuliza umejifunza wapi, sema sokoni. Sokoni kila mtu anaokota lugha. Umenisikia? Mimi usinitaje."

"Nimesikia, mama."

*

Wasailiwa walikuwa watatu, wamekaa kwenye benchi chini ya turubai la zahanati. Wa kwanza kijana wa Biharamulo mwenye koti, wa pili Nice wa Mabawe, aliyesoma darasa moja na Jovitha. Celestini hakuwa na maswali siku hiyo. Alikuwa na mwanamke.

"Huyu ni mama Esperansia," akasema. "Ni mkimbizi, anawatembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Atakuja dirishani kama mgonjwa. Mmoja mmoja mtamwandikisha. Mimi lugha yenu siijui, kwa hiyo kila kitu mtanitafsiria."

Esperansia alikuwa mnene, mwenye macho yasiyopepesa. Alikuja dirishani na kitambaa kilichofungwa mgongoni kama mtoto.

Kijana wa koti alimudu salamu, lakini alipofika kwenye watoto akauliza, wangapi? Esperansia akatazama pembeni. Kijana akarudia, sauti juu kidogo. Nice alikuja, Kihangaza chake kikimwagika kama maji, na Jovitha akakata tamaa, kwa kuwa Nice hata utani aliujua. Lakini Nice naye alikuwa ameisoma ile karatasi, na karatasi ilisema idadi ya watoto. Akauliza idadi. Esperansia akashusha kope.

Jovitha alikaa nyuma ya dirisha.

"Humura, mama," akasema, neno la kumtuliza mwenye hofu. Alimpa pole ya njia. Alimuuliza jina, kisha yule aliyembeba ameanza lini kukataa kunyonya. Karatasi ilikuwa mbele yake, nafasi tupu ikimkodolea macho. "Sasa wewe uko huku," akauliza, "nyumbani nani wanaota moto?"

Esperansia aliinua macho.

"Wawili wanaota moto," akasema. "Mmoja alilala njiani, Ruvubu."

Jovitha hakuandika mara moja. Alisema neno la pole linalosemwa msibani, akaacha kimya kipite, ndipo akachukua kalamu.

"Umeandika wangapi?" Celestini akauliza.

"Watatu, mzee, pamoja na huyu wa mgongoni. Wa nne alifia mtoni. Hataki ahesabiwe, wala hataki nijifanye sikusikia."

Celestini aliandika kitu, akafunga kalamu. Ilionekana kama mambo yameisha. Lakini Esperansia alikuwa ameegemea dirisha kwa viwiko vyote viwili, sauti yake imebadilika, si ya mgonjwa tena. Alimwambia Jovitha maneno mengi, polepole. Nice, kwenye benchi, aliinua kichwa.

"Anasema nini?" Celestini akauliza.

Hapo Jovitha akajua kwamba usaili ulikuwa unaanza.

Angeweza kusema, ananishukuru. Nice angejua, lakini Nice alitoka nyumba zilezile zenye siri zilezile, na asingemsaliti kwa hilo. Angeweza kusema lolote. Celestini asingejua kamwe. Na baada ya hapo angekaa dirishani mwaka mzima, akitafsiri nusu tu ya maneno ya wagonjwa, yale yanayomfaa yeye.

"Anasema," Jovitha akaanza, akaiweka kalamu mezani. "Anasema lugha hii sikuiokota mahali. Hivi ndivyo wanavyosema wanawake wa kilima chao, kule Muyinga, Burundi. Ananiuliza mama yangu ni binti wa nani."

Turubai lilipigapiga kwa upepo. Celestini hakuandika.

"Mjibu," akasema.

Neno sokoni lilikuwa tayari mdomoni, limefundishwa, limekaririwa. Jovitha alimjibu Esperansia kwa Kirundi, kisha akamgeukia Celestini bila kungoja kuulizwa.

"Nimemwambia mama yangu alitoka huko kuja kuolewa Ntobeye, kabla mimi sijazaliwa. Baba yake alikuwa mfua vyuma."

"Mama yako ana karatasi?"

"Ana cheti cha ndoa cha kanisa. Ana kaburi la mwanawe nyuma ya jiko. Karatasi nyingine hana."

Celestini aliitazama kalamu yake muda mrefu, kama kwamba ndiyo iliyokuwa inaongea.

"Mkuu wa kambi huletewa majina ya wafanyakazi," akasema mwishowe. "Majina ya mama zao hajawahi kuyaomba, na mimi sina kazi za ziada za kumfanyia. Utaanza Jumatatu." Kisha, alipokuwa ameshasimama: "Ulikuwa na nafasi ya kunidanganya. Niliiona ikipita usoni kwako."

Nice alimbana mkono walipokuwa wakitoka. "Kuota moto!" akasema, nusu kicheko, nusu hasira. "Bibi yangu alikuwa anasema hivyo hivyo. Nami nikaenda kuuliza idadi, mpumbavu mimi!"

Jovitha alikuwa bado anacheka naye pale Esperansia alipomvuta pembeni.

*

"Walikuuliza?" Clotilda alikuwa anamenya ndizi.

"Waliniuliza."

"Ukasema sokoni."

"Hapana, mama."

Kisu kikasimama. Anatory akainuka kigodani.

"Jovitha! Umemweka mama yako mezani kwa watu? Kwa ajili ya mshahara?"

"Kazi nimepata, baba. Lakini si kwa ajili ya..." Akapiga magoti mbele ya mama yake, pale kwenye maganda. "Mama, nisamehe. Yule mama aliniuliza mbele yao, na kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri kilichosemwa. Ningeanza kwa kukifinyanga ningekifinyanga daima."

Clotilda alitazama mikono yake yenye utomvu mweusi. "Mwanamke huyo wa kilima gani?"

"Chenu. Anamjua mfua vyuma mwenye mguu mfupi. Mama, sikiliza. Anasema kama wewe ni binti wa mtu huyo, basi mdogo wako yuko Lukole. Yule uliyekuwa unambeba kisimani. Amekuwepo tangu mwaka wa kwanza wa vita."

Kutoka mlangoni pao hadi Lukole, mtu mwenye miguu mizuri alifika kabla jua halijawa kali. Mwaka mzima Clotilda alikuwa amefunga mdomo wake barabarani, na mwaka huo mzima mdogo wake alikuwa akipanga foleni ya mahindi upande wa pili wa vilima. Kama angemuuliza mtu mmoja tu sokoni. Lakini asingeuliza. Alikuwa amehakikisha hawezi kuuliza.

Hakulia. "Anatembea?" akauliza.

"Anatembea. Jicho moja halioni vizuri, lakini anatembea."

Clotilda alimaliza kumenya ndizi aliyoishika, akaitia sufuriani, akanawa mikono kwa majivu na maji.

"Jumatatu twende wote," akasema.

"Hapana," Anatory akasema. "Mama Jovitha, hapana. Binti ana kazi, anaingia na kutoka. Wewe ukiingia humo wanaweza wasikutoe. Nduwayo aliingia na misumeno yake mpaka leo."

"Nitamsalimu Nduwayo."

"Sifanyi mzaha!"

"Nami sifanyi. Tangu mwaka jana najificha nisipelekwe, nikawa nimepelekwa humu jikoni. Kwenda kwa miguu yangu ni kitu kingine."

Anatory alitoka nje akasimama ndani ya nyumba yake isiyo na paa. Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, ndiye aliyewasindikiza mpaka barabarani, akambebea mkewe kikapu cha ndizi mbivu na sabuni mpaka walipoachana. "Rudi," akasema. Ni hilo tu.

Kizuizi cha Lukole kilikuwa kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Askari alikuwa kijana, koti lake la mvua limefungwa vifungo mpaka shingoni kwa baridi. Jovitha akamwamkia, akamwonyesha karatasi ya Celestini. Akaisoma, akairudisha.

"Na huyu?"

Jovitha alifungua mdomo. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha kutosha watu wawili, na sentensi alikuwa ameipanga tangu Ntobeye. Lakini mama yake alikuwa ameshasogea mbele, kikapu mkononi, kidevu juu.

"Shikamoo yangu huipati, we ni mtoto," Clotilda akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno likiwa na uzito wote wa ng'ambo ya mto. "Hujambo. Mimi ni Clotilda, mke wa Anatory, wa Ntobeye. Nilizaliwa Burundi. Mdogo wangu yuko humo ndani. Naenda kumwona, halafu narudi kwangu."

Askari alimtazama yeye, akatazama kikapu, akamtazama binti wa blauzi nyeupe kama anayesubiri kufafanuliwa. Jovitha hakusema kitu. Hapakuwa na cha kutafsiri.

Kijana akainama, akaishusha kamba mpaka chini, ili mama asilazimike kuiruka.